Kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo: namna ya kuomba cheti cha kwenda Mahakama ya Rufani

Umeshindwa Mahakama Kuu. Kesi ilianzia Mahakama ya Mwanzo, ikapanda Mahakama ya Wilaya, na sasa Jaji ameshasoma hukumu. Moyo unakutuma uende Mahakama ya Rufani. Njia ipo, lakini ina geti, na geti hilo linafunguliwa na Mahakama Kuu ile ile iliyokuamulia vibaya. Usipopita hapo, rufaa yako itaondolewa hata kama haki yote iko upande wako.

Nilifanya kazi masjala mpaka nilipostaafu, nikipokea nyaraka na kugonga mihuri. Watu niliowaonea uchungu zaidi hawakuwa wale wasio na hoja. Ni wale waliokuwa na hoja nzuri kabisa wakafika nayo imefungwa vibaya, au wakafika tarehe imekwisha pita. Naandika kwa ajili yao, na naandika kuhusu Tanzania Bara tu, maana Zanzibar ina mahakama zake na ngazi zake.

Kibali na cheti

Hapa pana mkanganyiko, na umewapotezea watu muda mwingi. Zamani, karibu kila aliyetaka kukata rufaa ya madai kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani alilazimika kwanza kuomba kibali. Mwaka 2023 Bunge lilibadilisha Sheria ya Mamlaka ya Rufani, Sura ya 141, kwa Sheria Namba 11 ya mwaka huo, na sharti hilo la kibali likaondolewa. Kwa hiyo kama shauri lako la madai lilifunguliwa Mahakama Kuu, au lilianzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, usiende kuomba kibali kwa sababu jirani yako aliomba mwaka 2019. Huna haja nacho.

Cheti ni jambo jingine, na hakikuguswa. Kifungu cha 5(2)(c) cha sheria hiyo kinasema shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo haliwezi kufika Mahakama ya Rufani mpaka Mahakama Kuu ithibitishe kwamba ndani yake kuna hoja ya kisheria. Mashauri ya zamani ya ardhi yaliyoanzia Baraza la Kata nayo yamekuwa na sharti la namna hii. Kwa hiyo jiulize mwanzo kabisa: shauri langu lilizaliwa wapi? Usiangalie lilipo leo. Angalia namba ya kwanza kabisa kwenye jalada. Talaka, mgawanyo wa mali za ndoa, mirathi na madai madogo madogo mengi huzaliwa Mahakama ya Mwanzo, na ndiyo yanayoongoza kwa watu kukwama hapa.

Sababu ya sharti hili si kukukomoa. Shauri lako limekwisha kusikilizwa na mahakama tatu. Sheria inaona kwamba masuala ya nani alisema kweli na nani alinunua nini yamepata nafasi ya kutosha. Rufaa ya tatu imewekwa kwa ajili ya sheria yenyewe.

Siku 30, na zinaanza leo

Hesabu yako inaanza siku hukumu inaposomwa. Haianzi siku unapopata nakala, wala siku wakili anapokupigia simu. Siku yenyewe ya hukumu haihesabiwi, unaanza kesho yake, na siku ya mwisho ikiangukia sikukuu au siku isiyo ya kazi unasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Ukiweza, nenda mwenyewe kusikiliza hukumu na uandike tarehe kwenye daftari ukiwa bado umekaa benchi.

Ndani ya siku hizo 30 yanatakiwa mambo mawili, na la tatu nitakueleza kwa nini nalo uliweke humo humo.

La kwanza ni taarifa ya kusudio la kukata rufaa. Ni karatasi fupi, ina fomu yake kwenye Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009, na inasajiliwa kwa Msajili wa Mahakama Kuu iliyotoa hukumu. Taja hukumu unayoilalamikia kwa namba yake, jina la Jaji na tarehe, na useme kama unalalamikia yote au sehemu. Ukishaisajili, mpelekee mpinzani wako nakala ndani ya siku 14 na upate sahihi yake ya kupokea. Cheti huombwa baada ya taarifa hii kuwepo. Ukianza na cheti bila taarifa, umejenga paa kabla ya ukuta.

La pili ni barua ya kuomba nakala za mwenendo wa shauri (kumbukumbu za yote yaliyosemwa na kufanyika mahakamani), hukumu na tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu). Nayo iende kwa Msajili ndani ya siku 30, na nakala yake impate mpinzani. Watu wanaidharau barua hii kwa sababu ni ya mistari mitano. Nakusihi usiidharau. Baadaye, mwenendo ukichelewa kuchapwa, barua hiyo ndiyo inayokulinda: muda ambao Msajili ameutumia kukuandalia nyaraka hautahesabiwa kwenye siku zako 60 za kuwasilisha rufaa. Kama mpinzani hakupewa nakala ya barua, ulinzi huo unaondoka na siku 60 zinakuhesabia tangu uliposajili taarifa.

La tatu ni ombi lenyewe la cheti. Nimeona mawakili wakibishana mbele ya Jaji juu ya muda wa ombi hili. Wewe usiwe uwanja wa mabishano hayo. Lisajili ndani ya siku 30 zile zile, mara tu taarifa ya rufaa ikishagongwa muhuri, na hakuna atakayekuuliza.

Siku hizi usajili unafanyika kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama. Huna kompyuta, masjala watakuelekeza, au mtu wa steshenari karibu na mahakama atakupandishia nyaraka. Mfumo utakupa namba ya malipo. Lipa siku hiyo hiyo, na stakabadhi uitunze pamoja na nyaraka. Kupandisha nyaraka leo na kulipa wiki ijayo ni kumkabidhi mpinzani pingamizi la awali, yaani hoja ya kutaka ombi lako litupwe kabla hata halijasikilizwa.

Kugeuza kilio kuwa swali

Hapa ndipo maombi mengi yanapokufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mama mmoja aliletwa kwangu na binti yake, ana karatasi sita alizoandika kwa mkono. Mume wake alifariki, ndugu wa mume wakafungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, na nyumba aliyokuwa akiishi ikaingizwa kwenye mali za ukoo. Karatasi sita zote zilikuwa kweli tupu: nani alitoa hela ya bati, nani hakuja hospitali, shemeji gani alibeba hati ya nyumba usiku wa msiba. Nilizisoma zote. Na hakuna hata mstari mmoja wa hayo ambao Mahakama ya Rufani ingeugusa, kwa sababu yote ni mambo ya ushahidi, na ushahidi ulishapimwa.

Lakini ukurasa wa nne, katikati ya maneno mengine, aliandika kwamba mumewe alikuwa Mkristo, walifunga ndoa kanisani, na maisha yao yote waliishi mjini mbali na mila za ukoo. Alikuwa anataka tu kuonyesha kwamba ndoa yao ilikuwa ya heshima. Mle ndani mlikuwa na hoja yake. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka juu ya mirathi pale ambapo sheria inayotumika kwa marehemu ni ya kimila au ya Kiislamu. Kama si hizo, mlango wa mirathi ni mwingine. Tukalifuta neno shemeji, tukafuta bati, tukaandika hivi:

"Je, Mahakama ya Mwanzo ilikuwa na mamlaka ya kusikiliza mirathi ya marehemu aliyekuwa Mkristo, pasipo ushahidi wowote kwamba aliishi kwa kufuata mila?"

Swali la pili lilitoka kwenye nakala ya mwenendo: Mahakama ya Wilaya ilikuwa imemwondoa kwenye usimamizi siku ambayo yeye hakuwepo na hakuna mahali palipoonyesha kwamba aliitwa. Tukaandika:

"Je, ilikuwa halali kumwondoa mleta maombi kwenye usimamizi wa mirathi bila kumpa nafasi ya kusikilizwa, kinyume na ibara ya 13(6)(a) ya Katiba?"

Maswali mawili. Karatasi sita zikawa nusu ukurasa. Angalia yalivyo: kila moja linaanza na "Je", kila moja lina jambo moja tu, na mtu asiyemjua huyo mama wala shemeji zake anaweza kulijibu kwa kufungua sheria. Hicho ndicho kipimo ninachokupa. Kama jibu la swali lako linahitaji kumwita shahidi au kuamua nani mwongo, hilo si swali la kisheria.

Sasa linganisha na hili, ambalo nimelipokea dirishani likiwa na majina tofauti tofauti: "Kwamba Mahakama Kuu ilikosea kisheria na kiushahidi kwa kutozingatia ushahidi mzito wa mleta maombi." Limevaa neno sheria, lakini ndani ni malalamiko ya ushahidi. Jaji atalitambua kwa kusoma mara moja.

Na kuna jambo gumu zaidi ambalo huna budi kulikubali. Mahakama ya Rufani imeshaeleza kwamba si kila kosa la kisheria linastahili cheti. Kinachostahili ni kitu kama suala jipya ambalo Mahakama hiyo haijawahi kulitolea uamuzi na ambalo ni zito au linagusa mzizi wa hukumu. Suala la mamlaka ya mahakama. Au pale mahakama za chini zilipoitafsiri sheria kinyume. Kosa dogo ambalo hata likirekebishwa hukumu inabaki ile ile, liache. Linapunguza uzito wa lile kubwa.

Chukua mali za ndoa. Kuuliza kama kazi za nyumbani ni mchango wa mke katika mali hakukufikishi mbali, maana Mahakama ya Rufani ilishajibu mwaka 1983 kwamba ni mchango. Kuuliza kwa nini umepewa asilimia 30 badala ya 50 ni ushahidi. Lakini kama talaka ilitolewa bila mgogoro kupelekwa kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na hakuna sababu maalumu ya kuruka hatua hiyo, hapo una kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 mkononi, na swali lako linagusa uhalali wa shauri zima.

Ushauri wangu ni maswali mawili au matatu, basi. Ukiandika tisa, unamwambia Jaji kwamba hata wewe hujui lipi ni kubwa. Tena fahamu kwamba Mahakama ya Rufani itajifunga kwenye hoja zilizothibitishwa. Ulichosahau kuomba cheti chake usitegemee kukiingiza kwa mlango wa nyuma siku ya kusikilizwa.

Nyaraka za ombi

Ombi la cheti linapelekwa Mahakama Kuu kwa hati ya maombi ikiungwa mkono na hati ya kiapo. Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba lazima utafute wa kukuandikia Kiingereza.

Kwenye hati ya maombi taja kifungu cha 5(2)(c) cha Sura ya 141, na omba jambo moja: Mahakama ithibitishe kwamba hoja zifuatazo ni hoja za kisheria zinazostahili kuamuliwa na Mahakama ya Rufani. Kisha zipange zile "Je" zako.

Hati ya kiapo ndiyo inayowaangusha wengi. Kiapo ni mahali pa ukweli unaoujua, si mahali pa kubishana. Andika kwa aya fupi zenye namba: shauri lilianzia Mahakama ya Mwanzo gani na kwa namba gani, nani alishinda, Mahakama ya Wilaya iliamua nini na lini, Mahakama Kuu iliamua nini na lini, taarifa ya rufaa ulisajili tarehe ngapi. Halafu eleza matukio yanayozaa hoja zako: "siku hiyo sikuwa nimepewa wito", "marehemu alibatizwa na alifunga ndoa kanisani". Usiandike "hukumu ile ni ya uonevu", wala usinukuu vifungu na kuvitafsiri humo, wala usiweke maombi ya nafuu, yaani kile unachotaka Mahakama ikupe. Aya za namna hiyo zinaweza kufutwa, na zikifutwa nyingi, kiapo kinabaki bila mwili.

Mwishoni weka uthibitisho: aya zipi ni za ufahamu wako mwenyewe, zipi umeambiwa na umeambiwa na nani. Apa na utie sahihi mbele ya kamishna wa viapo, usitie nyumbani kisha ukampelekea mtu karatasi agonge muhuri. Na kabla hujaondoka mezani kwake, angalia kwa macho yako kama ameandika mahali na tarehe ya kiapo. Nimeona maombi yakianguka kwa ajili ya nafasi moja iliyoachwa wazi pale chini.

Ambatisha nakala za hukumu zote tatu na taarifa ya rufaa yenye muhuri. Kama hukumu ya Mahakama Kuu bado haijachapwa, usiisubiri mpaka siku zikuishie; peleka ombi, eleza hilo kwenye kiapo, na ambatisha barua uliyoiombea nakala.

Mpinzani atapewa nafasi ya kuleta kiapo kinzani, yaani kiapo cha kujibu chako. Siku ya kusikilizwa usirudie hadithi ya kesi. Msomee Jaji swali la kwanza, mwonyeshe ukurasa wa hukumu ambao swali hilo linatoka, mweleze jibu lake litabadilisha nini. Kisha la pili. Jaji hatakiwi kupitisha tu kila unachomletea. Mahakama ya Rufani imesema inatarajia uamuzi unaoonyesha kwamba hoja zilipimwa kweli kweli. Kwa hiyo msaidie kazi hiyo. Huyu si lazima awe amekubali kwamba utashinda. Anachotafuta ni kama swali lina thamani ya kupelekwa juu.

Kama siku zimekwisha pita

Usisajili taarifa ya rufaa nje ya muda ukitumaini haitaonekana. Omba kwanza kuongezewa muda, Mahakama Kuu, chini ya kifungu cha 11 cha sheria ile ile. Muda unaweza kuongezwa kwa taarifa ya rufaa na kwa ombi la cheti pia.

Vigezo vinavyotumika kila siku vimetoka kwenye uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika shauri la Lyamuya Construction, ombi la madai namba 2 la mwaka 2010: ueleze muda wote uliochelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupita kiasi, uonyeshe bidii na si uzembe, na kama kuna sababu nyingine nzito, mfano hukumu yenyewe kuwa na uharamu wa kisheria unaoonekana wazi kwenye kumbukumbu, uitaje. Neno la kushika hapo ni "wote". Umelazwa wiki mbili, una cheti cha hospitali, vizuri. Lakini umechelewa miezi miwili. Zile wiki nyingine ulikuwa wapi? Chora jedwali la tarehe nyumbani, siku kwa siku, na kila siku iwe na maelezo na karatasi nyuma yake: tiketi ya basi, barua, kadi ya kliniki, stakabadhi. Mahakama imesisitiza zaidi ya mara moja kwamba hata siku moja ya kuchelewa inatakiwa maelezo.

Mahakama Kuu ikikataa kukuongezea muda, una siku 14 tu tangu uamuzi huo kupeleka ombi hilo hilo Mahakama ya Rufani. Kwa cheti chenyewe hali ni tofauti: mamlaka ya kukitoa imepewa Mahakama Kuu peke yake, huwezi kwenda kukiomba upya juu kama ilivyowezekana kwa kibali zamani. Ndiyo maana nimekushikilia sana kwenye yale maswali mawili matatu.

Huku ukisubiri

Taarifa ya rufaa haizuii mpinzani kukazia hukumu, yaani kuomba itekelezwe. Wala ombi la cheti halizuii. Ukiletewa notisi ya utekelezaji, ombi la kuzuia linakwenda Mahakama ya Rufani ndani ya siku 14 tangu ulipopewa au ulipojua, na uwe tayari kutoa dhamana ya kile ulichoamriwa kulipa. Kwa jambo hili, hata kama umejiandikia kila kitu mwenyewe, tafuta wakili au shirika la msaada wa kisheria lililosajiliwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ipo kwa ajili ya wasio na uwezo, na mahakama nyingi watakuelekeza pa kwenda.

Ukipata cheti, chukua nakala iliyothibitishwa ya uamuzi huo siku hiyo hiyo, maana itaingia kwenye kumbukumbu za rufaa. Kisha fuatilia mwenendo wako masjala. Nyaraka zikiwa tayari, Msajili atakupa hati inayothibitisha muda uliotumika kuziandaa. Isome hapo hapo dirishani kabla hujasaini kitabu: tarehe uliyoomba nakala ilingane na muhuri wa barua yako, tarehe ya kujulishwa kwamba ziko tayari ilingane na barua waliyokuandikia, namba ya shauri iwe sahihi na majina yawe kama yalivyo kwenye hukumu. Ikiwa na kosa, irudishe irekebishwe ukiwa bado umesimama pale.